Ngazija, Kisiwa Kilichojengwa na Moto

Uwanja wa ndege wa Hahaya, ambao ndio mlango wa kisiwa cha Ngazija kwa wageni walio wengi, umekaa juu ya mwamba ambao hapo kale ulikuwa moto. Msafiri atokaye hapo kuelekea Moroni, kwa njia iendayo kusini sambamba na pwani, huwa na bahari mkono wake wa kulia na mteremko mrefu upandao hadi mawinguni mkono wake wa kushoto, na baina ya viwili hivyo hupita katika mabamba ya jiwe jeusi, mengine matupu kabisa, mengine yaliyokwisha kuota kangaga na minazi kwa kadiri ya umri wake. Jiwe hilo lilitoka tumboni mwa mlima, likashuka likiwa uji mwekundu, likapoa likaganda. Karibu kila shubiri ya ardhi kisiwani humo asili yake ni hiyo. Na mwenye kutaka kuielewa Ngazija, miji yake, maji yake, samaki wake na hata adabu za watu wake, hana budi kuanzia kwenye jiwe.

Visiwa vya Komoro ni vinne, navyo vimepangana katika mlango wa bahari ulio baina ya Msumbiji na Bukini: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Uhuru ulipotangazwa tarehe 6 Julai 1975, Maore ilibaki mikononi mwa Ufaransa, na hali ni hiyo hata leo. Ngazija ndicho kikubwa kuliko vyote, kwani urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini ni takriban kilomita 60, lakini kwa umri wa ardhi ndicho kichanga. Maore, iliyo kongwe, imekwisha kuzungukwa na kizingiti kipana cha matumbawe na milima yake imekwisha kulika, ilhali Ngazija ingali inajengwa na mjenzi wake hajaweka zana chini.

Sisi watu wa pwani ya Tanzania na Kenya hatuna haki ya kuiita Ngazija ugenini. Lugha ya wenyeji ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, na atuliaye akasikiliza mazungumzo ya sokoni Moroni, baada ya siku chache huanza kuokota maneno, kisha sentensi. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi tangu zama zisizokumbukwa, na pamoja na mchele na ng'ombe yalichukua elimu: Sheikh Ahmad bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa Unguja na mmoja katika maulamaa wakubwa wa pwani yote, alizaliwa Itsandra mwaka 1861 na akafariki Unguja mwaka 1925. Basi ni huzuni kuona kwamba wengi wetu wenye uwezo wa kusafiri kwa mapumziko huvuka nusu ya dunia kwenda kutazama maduka, na kisiwa hiki kilicho jirani, chenye mambo yasiyopatikana kwingine, hatukifikirii.

Mlima Karthala una urefu wa mita 2,361 juu ya usawa wa bahari, na kileleni hapana ncha bali shimo: uwanda uliodidimia, wenye upana wa kilomita tatu hadi nne, uliozungukwa na kuta zilizosimama wima, na ndani yake imo kasoko nyingine yenye kina zaidi iitwayo Shahale. Namna uwanda huo ulivyopatikana si vigumu kuifahamu. Mwamba ulioyeyuka hukusanyika katika ghala chini ya mlima; ghala hiyo inapojimwaga, dari yake hukosa tegemeo na kuanguka, na mlima huporomokea ndani yake wenyewe. Ama moto, hutafuta njia iliyo nyepesi: mara hutoka kwa juu, ndani ya kasoko, mara hupasua mbavu za mlima na kutokea mahali palipo karibu na maskani ya watu, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Aprili mwaka 1977, ardhi ilipopasuka upande wa kusini magharibi na lava ikateremka hadi mji wa Singani, ikazibomoa nyumba na kuzifunika; watu walikwisha kukimbia, na roho zao zilisalimika. Mwaka 1991, na tena mwaka 2005, mambo yalikuwa mengine, kwani moto ulikutana na maji ndani ya mlima, na badala ya lava kikatoka kishindo cha mvuke, mawe na majivu. Mwaka 2006 kasoko ilijaa ziwa la lava iliyong'aa, hata mawingu ya usiku juu ya kisiwa yakawa mekundu. Mwezi wa Januari 2007 mlima ukatoa moto tena, kisha ukatulia. Kituo cha uchunguzi wa volkano kilichoko Moroni huusikiliza usiku na mchana kwa vyombo vilivyopandwa miteremkoni, na mgeni mwenye busara huulizia habari zake kabla ya kufunga mizigo.

Kuupanda Karthala ndiyo safari kubwa kuliko zote kisiwani, nami naiona ndiyo inayotosha peke yake kumtoa mtu kwao. Wapandaji aghalabu huanzia upande wa magharibi, kwa njia ya Mvuni au Boboni, pamoja na kiongozi mwenyeji na wachukuzi, na hulala usiku mmoja mlimani. Njia huanza katika mashamba ya migomba, mihogo na vanila, ambayo hutambaa juu ya miti ya kuegemea na kutaka mkono wa mkulima kulichavusha kila ua lake. Kisha huingia katika msitu wa mvua ambamo kila tawi limevaa kuvu la kijani na kangaga. Halafu, kwa ghafula, miti hukoma, na huanza vichaka vya mlimani vyenye majani membamba na magumu, vilivyovumilia baridi, upepo na majivu. Katika vichaka hivyo anaishi kinengenenge mdogo wa kijani mwenye duara jeupe la jicho, ambaye makazi yake duniani ni sehemu hiyo ya juu ya Karthala tu. Mlima mwingine hana.

Afikaye ukingoni alfajiri, kabla mawingu hayajapanda kutoka baharini, huiona kasoko yote kwa mara moja, na kwa kuwa hakuna kitu cha kulinganishia, jicho hushindwa kukadiria masafa: kijiti kionekanacho hatua mia mbele ni mti, na mwendo wa kukifikia ni wa muda mrefu. Chini, mguu huzama katika majivu ya kijivu yaliyochanganyika na vijiwe vyepesi vyenye vitundu, ambavyo ukivifinya mkononi huvunjika kwa sauti kavu. Katika nyufa hutoka mvuke wenye joto na harufu ya kiberiti, na kiongozi atakukataza kuinama juu yake, naye ana sababu, kwani mwaka 1903 hewa ya sumu iliyotoka katika mlima huu iliua watu kumi na saba. Mchana huko juu jua huunguza, usiku baridi hupenya blanketi mbili, na maji hayapo kabisa isipokuwa yale mliyoyabeba.

Habari ya maji inataka maelezo yake, kwa sababu ni jambo ambalo mgeni hulistaajabia kuliko moto. Mvua inyeshayo juu ya Karthala, hususan upande wa magharibi, ni nyingi kupita kiasi, na bado katika Ngazija yote hakuna mto hata mmoja utiririkao mwaka mzima. Lava changa imejaa nyufa na vitundu. Tone liangukalo hupenya na kushuka hata likakutana na maji ya bahari chini kwa chini, na visima vya pwani aghalabu hutoa maji yenye chumvichumvi. Kwa ajili hiyo vijiji vya miteremkoni vinaishi kwa birika. Pembeni mwa nyumba husimama tangi la mawe na saruji, bati la paa limeinamishwa kuelekea mfereji, mfereji umeelekezwa kwenye tundu lililofungwa kitambaa cha kuchujia, na juu ya kifuniko pana kopo lenye kamba. Mgeni apewapo kopo hilo katikati ya msimu wa kiangazi amepewa mvua ya miezi iliyopita, iliyohifadhiwa na kupimwa kwa ajili ya watoto wa nyumba ile. Na majivu ya mwaka 2005 yalipoingia katika mabirika, msiba mkubwa uliowapata maelfu ya watu haukuwa kuungua bali kukosa maji ya kunywa. Naomba kila aendaye huko alikumbuke jambo hili anapooga.

Moroni, mji mkuu, ni mji mdogo, na uzuri wake wote umo katika mtaa wa kale unaoshuka hadi bandarini. Hapo unasimama Msikiti wa Ijumaa wa zamani, uliojengwa mwaka 1427, mweupe, wenye ghorofa ya matao yanayoitazama bahari, ukiwa na mnara ulioongezwa mwaka 1921. Bandari ya mbele yake ni ya kina kifupi, na maji yakitoka vyombo hubaki vimelala ubavu juu ya jiwe jeusi, mpaka yajae tena. Nyuma ya msikiti zinaanza njia nyembamba zisizopitisha gari, zenye milango ya nakshi ambayo mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe ataitambua bila kuambiwa, na barabarani atakutana na wanawake waliopaka liwa usoni. Si mbali na hapo liko kaburi la Sayyid Muhammad al-Maarufu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1853 na kufariki mwanzoni mwa karne ya 20, ambaye kwa juhudi zake tarika ya Shadhiliya ilienea visiwani na ikafika hata kwetu.

Asiondoke mtu Moroni bila kuketi katika bangwe, na hasa bangwe la Badjanani. Bangwe ni uwanja wa mji, wenye baraza za mawe pande zote, na hapo ndipo mambo ya mji yanaposemwa na kuamuliwa; lakini si kila mtu huketi apendapo, kwani kila hirimu ina daraja yake. Mwanamume aliyetimiza Anda, yaani harusi kubwa ya desturi, ambayo humgharimu akiba ya miaka na huwalisha watu wa mji mzima kwa siku nyingi, huvaa joho lake na kuketi mahali pa heshima, na kauli yake husikilizwa. Asiyeitimiza, hata akiwa na mvi na cheo serikalini, bado ni mtoto wa mji. Na kuna jambo la pili lililo kubwa zaidi: nyumba ni ya mwanamke. Baba hujenga kwa ajili ya binti yake, mume ndiye ahamiaye kwa mke, na ardhi ya ukoo iitwayo manyahuli hurithiwa kwa upande wa mama. Waislamu waliosimama imara katika dini yao wameyaunganisha haya na sharia kwa karne nyingi, na namna walivyofanya hivyo ni elimu kubwa kuliko ufukwe wowote. Miezi ya Julai na Agosti, wana wa kisiwa waishio Ufaransa, hususan Marseille, wanaporudi nyumbani kwa ajili ya harusi, miji huwaka ngoma na twarabu usiku kucha, na mgeni mwenye adabu hualikwa.

Kusini kidogo ya Moroni uko Ikoni, makao ya kale ya masultani wa Bambao, penye magofu ya jumba lao na jabali la volkano linaloanguka wima karibu na bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19, maharamia kutoka Bukini walikuwa wakija kwa mitumbwi mingi kuteka watu, na husimuliwa hapo kwamba wanawake wa Ikoni walipoona wamezingirwa, walijirusha kutoka juu ya jabali lile kuliko kuchukuliwa utumwani. Wenyeji huonyesha mahali penyewe bila maneno mengi. Itsandra, upande wa kaskazini wa Moroni, una ufuo wa mchanga mweupe na makaburi ya watawala, na juu yake Ntsudjini una kuta za ngome zilizojengwa kwa jiwe lile lile la lava kuwakinga watu na maharamia hao hao.

Safari ya kaskazini huchukua siku nzima na inastahili. Huko uko Ntsaweni, mji wa kale mno, ambapo riwaya ya wenyeji inamtaja Mtswa Mwindza kuwa ndiye aliyesafiri hadi Uarabuni katika zama za mwanzo za Uislamu akarudi na dini. Mbele yake ni Mitsamihuli na fukwe zake, zilizo nzuri kuliko zote kisiwani, ambapo mchanga mweupe wa matumbawe umemwagika baina ya ncha za mwamba mweusi. Hapo palikuwa na hoteli kubwa ya Galawa, na mbele ya ufuo wake, tarehe 23 Novemba 1996, ilianguka baharini ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuishiwa mafuta. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, akiwamo mpigapicha mashuhuri wa Kenya, Mohamed Amin. Waliookolewa waliokolewa na wavuvi, wenyeji na wageni wa hoteli waliokimbilia majini. Hoteli yenyewe ilivunjwa baadaye, na kwa miaka mingi baada yake Ngazija haikuwa na mahali pa anasa ya namna ile. Mimi sioni kuwa ni hasara kubwa kwa msafiri, ingawa kwa waliopoteza kazi hapo ilikuwa hasara ya kweli.

Karibu na Bangwa Kuuni liko Ziwa la Chumvi, kasoko ya mviringo kamili iliyojaa maji, iliyotengwa na bahari kwa ukingo mwembamba tu, na rangi yake hubadilika na mwanga wa jua kutoka kijani hadi buluu ya kukoza. Ngano ya hapo husema kwamba palikuwa na mji ambao watu wake walimnyima maji mpita njia, mji ukadidimia. Na katika kisiwa kisicho na mto, haishangazi kuwa dhambi kubwa katika ngano ni kunyima maji. Mbele kidogo, huko Ivwini, mgongo wa lava uliochongoka kama msumeno huteremka hadi baharini, na watu huuita mgongo wa joka. Upande wa mashariki nitautaja kwa ufupi: una nyumba chache za wageni na njia mbovu, lakini ghuba ya Chomoni, penye mchanga mweupe na mweusi kwa pamoja, ni mahali pa kuogelea na kulala kimya.

Kusini, njia hupita juu ya lava ya mwaka 1977 huko Singani, ambapo jiwe bado limekaa kama lilivyomwagika, na mji umejengwa upya pembeni yake. Juu zaidi, katika msitu wa Nyumbadju, ndipo alipokaa Léon Humblot, Mfaransa aliyekuja kukusanya mimea na ndege na akaishia kupewa na Sultani Said Ali, kwa mkataba wa mwaka 1885, ruhusa ya kulima ardhi popote apendapo. Mwaka uliofuata kisiwa kikaingia chini ya himaya ya Ufaransa, Said Ali akapelekwa uhamishoni na kufia Bukini mwaka 1916, na Humblot akatawala mashamba na watu hata akaitwa sultani mweupe. Mabaki ya makao yake yamo msituni. Naona ni wajibu kuyatazama, kwa sababu vanila na mlangilangi tunavyovisifia kwa harufu yake vina tarikhi ya jasho lisilolipwa.

Limebaki jambo moja, nalo limo chini ya maji. Lava iliyoshuka baharini iliganda ikaacha mapango katika miteremko ya chini, kwenye kina cha mita 150 hadi 250, na ndani ya mapango hayo hujificha mchana samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na madinosaria, hata mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J. L. B. Smith alimtafuta mwingine kwa miaka kumi na minne, na alipopatikana Nzwani mwaka 1952, wavuvi wa Komoro walistaajabu kuona fujo ile yote, kwani wao walimjua siku zote kwa jina la gombesa, samaki wa mafuta mengi asiyefaa kuliwa. Watu wa Tanga humwita silikanti, na kwao pia ameonekana, hata ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mwaka 1987 Hans Fricke, Mjerumani, alizama kwa nyambizi ndogo ufuoni mwa Ngazija akawa wa kwanza kumpiga picha akiwa hai katika makazi yake, akiyachezesha mapezi yake ya nyama moja moja mithili ya miguu. Msafiri hawezi kumfuata huko, lakini katika jumba la makumbusho la Moroni yumo mmoja aliyehifadhiwa, mzito, mwenye magamba makubwa, na inafaa kumtazama kabla ya kwenda kukaa pwani jioni, wavuvi wanapozisukuma ngalawa zao kwenda kuvua kwa mshipi juu ya mapango yale yale.

Sasa machache kwa mwenye kunuia safari. Miezi ya kusi, Mei hadi Oktoba, ndiyo mikavu na ndiyo ya kupanda mlima. Fedha ni faranga ya Komoro, ambayo thamani yake imefungwa na ile ya euro. Nyumba za kulala ni za kawaida, magari ya kukodi yapo, na chakula ni chetu kwa jina lingine: mataba ya kisamvu na nazi, ndizi za nazi, samaki wa kuchoma. Mavazi yawe ya stara, na mzee aamkiwe kwanza. Wao husema "kwezi", naye huitika "mbona". Kutoka Dar es Salaam ndege haichukui hata saa mbili. Na aliye na jirani au mkwe wa Kingazija, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, na amwendee kabla ya kununua tiketi amuulize mji wa mama yake ni upi, kwa sababu mgeni afikaye Ngazija na jina la mji hupokelewa na mji huo.